Kumi za Kibogoyo

Wodi ya Wanawake
Jumatano, 4 Machi

Mwanangu, Mama Mapacha,

Marahaba, kwa maana najua umeshaniamkia kabla ya kuifungua barua hii.

Mama yenu anaendelea vizuri. Nyonga imeungwa, mshono umekauka, na jana alimgombeza muuguzi kwa kutandika shuka lenye mikunjo. Utaona kwamba ni yuleyule.

Sasa lipo jambo. Ataruhusiwa kuondoka tarehe 28, lakini atatoka kwa kiti cha magurudumu. Mtaalamu wa viungo akaniuliza nyumba yetu ikoje. Nikamweleza ukweli: vidato viwili mbele, mlango wa bafu unaompitisha mtu kwa kujibanza, na ndani yake hakuna pa kushika. Akaweka kalamu chini. Amesema nyumba isipotengenezwa kabla ya siku hiyo, ataandika mgonjwa apelekwe kwa binti yetu mkubwa, ambako milango ni mipana na hakuna kidato hata kimoja. Wifi yako ana moyo mzuri, na chumba ameshakitandika. Lakini mama yenu aliposikia hivyo aligeukia ukutani na chakula hakukigusa. Nyumba yetu ameikalia miaka thelathini na minane. Hataki kuwa mgeni wa mtu, hata wa mwanawe.

Fundi hatuna uwezo naye. Tulichobaki nacho ni cha dawa. Anzeni na mteremko wa saruji juu ya vidato, kisha mpanue mlango wa bafu na kufunga bomba la kushikia. Mtatumia vilivyomo uani. Chuma cha kile kitanda cha zamani, kipande cha sentimita mia moja na ishirini, kitafaa kuwa linta ya kubeba ukuta juu ya mlango. Bomba la kushikia mtalipata kwenye ubavu wa kitanda hichohicho.

Ufunguo wa sanduku langu la vifaa umo ndani ya saa ya ukutani iliyokufa. Sanduku hilo halijafunguliwa na mtu mwingine tangu mumeo, akiwa na miaka kumi na moja, alipokata waya wa pasi kwa msumeno wangu. Wewe nakuruhusu. Kila kifaa kirudi mahali pake.

Futi yangu ya kupimia, ile tunayoiita Kibogoyo, unaifahamu. Kibogoyo hana sentimita kumi za kwanza, anaanzia kumi. Kwa hiyo kipimo chochote utakachopewa, ongeza kumi, ndipo usome. Usisahau hilo. Ongeza kumi.

Barua nampa Dereva Polepole, anayepita hapa Jumatano na Jumamosi na lori lake la magodoro. Simu usinipigie. Masikio yangu unayajua, na sitaki wodi nzima ijue mambo ya bafu letu.

Vipimo vitafuata.

Baba yenu


Nyumbani
Jumamosi, 7 Machi

Shikamoo Baba,

Tunashukuru Mungu kwa habari za Mama. Shuka lenye mikunjo limetufurahisha kuliko maneno yote ya daktari.

Sanduku nimelifungua. Nimeona kila kifaa kimechorewa kivuli chake kwa penseli, hata bisibisi zile za saa zilizo nyembamba kama sindano. Nilisimama kidogo kabla ya kushika kitu. Mwanao aliomba nyundo. Nimempa ndoo.

Hatuko peke yetu. Jirani yetu mwashi, Mzee Timazi, ameshapata habari. Mgongo haumruhusu kuinua hata mwiko, lakini mdomo wake ni mzima. Amekuja na kigoda chake, akakiweka mbele ya vidato, akatazama kazi yangu kama mtu aliyelipia kiingilio.

“Nani kakwambia uanze na saruji?”

“Baba mkwe.”

“Baba mkwe wako fundi saa. Kosa lake kubwa kuliko yote linaenea kwenye ukucha. Ukuta ukikosea unaondoka na kichwa cha mtu. Anza na vifusi, mama. Shindilia.”

Basi nimebomoa lile karo la zamani la kufulia, na vifusi vyake ndivyo tumbo la mteremko. Tumeshindilia siku mbili. Saruji tumeitandaza juu tu, kwa ule mfuko mmoja uliobaki tulipoziba paa. Mzee Timazi akasema uso ukiwa laini Mama atateleza mvua ikinyesha, uchorwe mistari. Akauliza kama nina reki ya fundi. Nikaenda saluni yangu, nikaleta kitana chenye meno mapana, nikaichana saruji kutoka juu hadi chini kama ninavyochana kichwa kabla ya kusuka. Mzee Timazi akasema, “Umeikosesha mafuta tu.”

Mteremko una mita tatu na nusu. Wajukuu zako mapacha wameshaupanda na kuushuka kwa baiskeli yao ya magurudumu matatu. Mmoja alikuwa mgonjwa, mwingine muuguzi, na mgonjwa alikuwa mkaidi sana. Nadhani unamjua waliyemwiga.

Nasubiri kipimo cha mlango wa bafu. Sitagusa ukuta bila neno lako.

Mkamwanao,
Mama Mapacha


Wodi ya Wanawake
Jumatano, 11 Machi

Mwanangu,

Nimefurahi kwamba mnafanya kazi kwa utaratibu. Muulize Timazi, mwaka ule saa yake ilipolala kisimani, nani aliifufua.

Vipimo ni hivi. Mlango wa bafu, sentimita tisini. Bomba la kushikia liwe usawa wa ndoano ya taulo iliyoko jikoni. Ndoano ile mama yenu aliipigilia mwenyewe usawa wa kiwiko chake, na hakuna kipimo kilicho bora kuliko hicho. Kioo cha bafuni kishushwe, aweze kujiona akiwa ameketi.

Mtaalamu anataka maelezo ya maandishi kabla ya tarehe 28.

Mama yenu hajambo. Daktari ameridhika. Hakuna jingine la kueleza.

Baba yenu


Nyumbani
Jumamosi, 14 Machi

Shikamoo Baba,

Mlango umefunguliwa. Nimepima mara tatu: tisini yako, na kumi za Kibogoyo juu yake, nikasoma mia moja kamili. Linta imekaa. Bomba limefungwa kwa skrubu ndefu usawa wa ndoano, na mwanao amening'inia kwalo kama nguo kwenye kamba, halikutikisika.

Rangi nimechanganya masalio ya makopo manne. Imetoka kama chai ya maziwa iliyosahauliwa mezani. Inapendeza ukiizoea.

Kila kitu kinakwenda vizuri.

Mkamwanao,
Mama Mapacha


Nyumbani
Jumamosi, 14 Machi

Mama yangu mpenzi, shikamoo,

Barua hii nimeishonea ndani ya pindo la gauni lako la kulalia. Najua utaupapasa ushonaji wangu uone kasoro, kwa hiyo utaipata. Baba asiione.

Nimemwandikia kwamba kila kitu kinakwenda vizuri. Sasa hivi, ndiyo. Lakini Alhamisi, tulipokuwa tunatoa matofali kupanua mlango, mawili ya juu yalianguka kabla ya chuma kuingia. Yalipita kwenye bega la mwanao kwa nafasi ya mkono mmoja. Mzee Timazi alitoka kwenye kigoda mbio, yeye na mgongo wake, akapiga kelele: “Mwega! Leteni mwega!” Tukautegemeza ukuta kwa ubao wa meza ya chakula, na hapo ukatulia. Chuma kimeingia na tumejengea juu yake upya, lakini siku hiyo nilimrudisha mteja bila kumsuka, nikakaa nikilia.

Mama, mimi ni msusi. Ninajua kufumua na kusuka tena. Ukuta haufumuliwi hivyo. Kila nikilitazama lile pengo naliona kubwa kama la ghala, na nawaza: wewe chini yake, na juu yako kazi ya mikono yangu. Pengine wifi ana haki, na kule utakuwa salama zaidi.

Niambie ukweli, bila kunionea huruma. Unataka kurudi hapa?

Mwanao,
Mama Mapacha


Kitandani
Jumatano, 18 Machi

Mwanangu,

Pindo ulilishona mchomo mrefu mno. Nimelirudia.

Ninaandika Mzee akiwa ameenda kununua gazeti. Huenda saa nne, hurudi saa nne na nusu, unaweza kurekebishia saa. Basi kila siku, akishavuka lango, muuguzi na mimi tuna kazi yetu.

Ninasimama. Siku ya kwanza nilihesabu hadi nane nikaketi. Jana nimekwenda na fremu ya chuma mpaka dirishani na kurudi. Nimemwona Mzee huko chini, anasoma gazeti la mtu mwingine ili asinunue lake.

Utauliza kwa nini ninamficha Mzee. Wiki iliyopita daktari alimwita nje ya mlango, akamwambia kwamba kwa umri wangu nisitegemewe kutembea tena. Mzee aliingia akaniambia daktari ameridhika. Yeye ndiye mwenye masikio mabovu, mwanangu. Mimi nasikia vizuri. Tangu hapo ananikatia tunda vipande vidogo kama vya mtoto. Nikimwambia sasa halafu nishindwe, nitakuwa nimemvunja mara mbili. Nataka aone kwa macho yake, nyumbani.

Jambo moja tu linanikera. Mguu wa kushoto hukatika bila taarifa, kwa hiyo lazima mtu aende ubavuni mwangu, bega kwa bega, siyo nyuma. Koridoni ni sawa. Lakini mlango wa bafu wa kiti cha magurudumu, muuguzi anasema, huwa ni sentimita themanini, na themanini haipitishi fremu na mtu pamoja. Tumejaribu kwenye mlango wa hapa, tukakwama kama magunia. Basi nitafika mpaka mlangoni kwangu kwa miguu, halafu niketishwe nisukumwe. Bafuni! Hiyo ndiyo inayoniuma.

Umeniuliza kama nataka kurudi. Nilikuwa chini ya ukuta huo siku ulipojengwa, nikimpa Mzee matofali, na tulikuwa hatujui lolote, wala yeye wala mimi. Kama haukutuangukia wakati ule, kwa saruji ile, hauniangukii leo. Futa machozi umsuke mteja wako.

Mama yako


Wodi ya Wanawake
Jumamosi, 21 Machi

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako ya tarehe 14 mara nyingi. Iandikie nafsi yako jibu kabla ya kunijibu, kwa sababu nataka ukweli mtupu.

Unasema ulisoma mia moja kwenye Kibogoyo. Kosa ni langu. Mtaalamu alinipa themanini. Mimi, kwa kuogopa kwamba utasahau kumi za Kibogoyo, niliziongeza mwenyewe, nikakuandikia tisini, na nisikueleze. Wewe, kwa kunitii, umeziongeza tena. Miaka arobaini nimerekebisha saa za watu bila kukosea jino moja la gurudumu, na leo nimempa mtoto wa watu kipimo cha uongo, tena cha ukuta.

Chuma ni mia moja na ishirini. Kwa mlango wa themanini kingelala sentimita ishirini kila upande. Kwa tisini, kumi na tano tu. Sijui kama zinatosha. Na barua yako ni fupi mno. Wewe huandiki barua fupi mambo yakiwa mazuri.

Sasa na mimi nikueleze nililokuficha. Daktari amesema mama yenu hatatembea tena. Nimekuwa nikimchekea toka siku hiyo, na shavu linaniuma. Kiti hicho atakikalia maisha yake yote, na chini ya ukuta huo atapita kila siku. Kwa hiyo naagiza: jengeni upande mmoja, mzibe sentimita kumi, mlango urudi themanini. Kama muda hautoshi, niandikie upesi, nimwambie mtaalamu ampeleke kwa binti yetu. Afadhali anune akiwa hai.

Baba yenu


Nyumbani
Jumatano, 25 Machi

Shikamoo Baba,

Ni kweli, nilikuficha. Matofali mawili yalianguka siku ile, kabla ya linta kuingia. Hakuna aliyeumia. Nilipaswa kukuandikia siku hiyohiyo, na naomba radhi.

Barua yako nilimsomea Mzee Timazi, neno kwa neno. Aliposikia kwamba kumi ziliongezwa mara mbili, alicheka mpaka akashika mgongo.

“Mmoja hamwamini mwenzake, mwenzake anamwamini kupita kiasi. Ndiyo maana mlango umenenepa!”

Kisha akaacha kucheka. Alikwenda nyumbani kwake akaleta futi yake mwenyewe, yenye meno yote, na pima maji. Alikagua asubuhi nzima. Aligonga kila tofali kwa mpini wa mwiko huku ametega sikio, akaniamuru nikwangue lipu pembeni aone chuma kimelala wapi. Alichoandika nakitia humu, umpe mtaalamu:

“Mimi, mwashi wa miaka arobaini na mbili, nimepima. Mlango sentimita tisini. Chuma kimelala kumi na tano kushoto, kumi na tano kulia, juu ya tofali zima na saruji nzuri. Kwa ukuta wa ndani usiobeba paa, inatosha. Mteremko hautelezi, nimeupanda na fimbo, umelowa na umekauka. Bomba limenibeba mimi na njaa yangu. Mgonjwa aje. Fundi saa asiguse kitu.”

Baba, sasa nasema neno ambalo sijawahi kukuambia tangu nilipoolewa humu. Sitaziba. Kumi zile zitabaki. Sababu ninayo, lakini nimepewa niitunze, na siwezi kukupa kwa barua. Ukifika nyumbani na ukaona nimekosea, chukua tindo unibomolee mbele ya majirani, nitakushikia ndoo.

Njooni Jumamosi. Nimeshapiga shuka pasi.

Mkamwanao,
Mama Mapacha


Sebuleni
Alhamisi, 2 Aprili

Mwanangu,

Utashangaa kukuta barua kwenye sanduku la vifaa, na mimi niko hatua kumi tu kutoka unapopika. Kuna mambo ambayo baba mkwe hayasemi vizuri kwa mdomo, na mimi kwa mdomo hujua kuagiza tu.

Mtaalamu aliisoma karatasi ya Timazi mara mbili. Alipofika kwenye fundi saa alinitazama juu ya miwani, akatia sahihi.

Siku ya Jumamosi hukuyaona yote, kwa sababu ulikuwa umejificha jikoni ukisingizia sufuria. Nilimsukuma mama yako kwenye mteremko mpaka ndani, hadi mbele ya mlango wa bafu. Nikashika mikono ya kiti nimwingize. Akaniambia, “Acha hapo.” Nikadhani amekumbuka kitu garini. Akamwita mumeo, akaletewa fremu ya chuma iliyokuwa imefichwa kwenye lori, chini ya godoro. Kumbe hata Dereva Polepole alikuwa anajua! Akasimama. Nilitaka kupiga kelele aketi. Akasema, “Mzee, acha kushangaa. Njoo kushoto kwangu. Bega kwa bega, siyo nyuma.”

Tukapita wawili. Fremu yake ilipita, bega lake likapita, na langu la kushoto likagusa fremu ya mlango kidogo tu; nilitoka na rangi yako ya chai kwenye shati. Alishika bomba. Akajitazama kwenye kioo, akasema mmekishusha mno, sasa anaona kifua tu. Nilicheka, halafu ikanibidi niketi mimi kwenye kiti chake cha magurudumu.

Baadaye, mlipokuwa mnakula, nilipima. Toka ukingo wa fremu yake hadi ukingo wa mlango, mahali ninaposimama mimi. Kwa themanini alizoagiza mtaalamu, bila zile kumi ulizokataa kuziba, nisingeenea. Nimerudia mara tatu kwa futi ya Timazi, na hata kwa Kibogoyo.

Hukuniziba nje, mwanangu. Nakushukuru. Pia nakushukuru kwa kunikatalia, ila usilifanye mazoea.

Kuhusu vifaa: tindo umeirudisha kwenye kivuli cha patasi. Nimezibadilisha. Pembeni, palipokuwa wazi, nimechora kivuli cha kitana chenye meno mapana. Kioshe saruji, ukiweke hapo. Ufunguo usiurudishe kwenye saa. Ile saa nimeitengeneza asubuhi hii na inatembea. Kaa nao wewe.

Kioo kipandishwe, lakini si leo. Mama yako ananiita, anataka kwenda kuoga. Nakwenda kusimama kushoto.

Baba yako